Joto Lifike Kila Chumba: Anza na Hewa Inayorudi

Mama mmoja wa Bukavu, anayeishi St. Paul hapa Minnesota, Marekani, alinipigia simu usiku wa saa tatu, mwezi wa kwanza. "Papa," aliniambia, maana Wakongo humwita mwanamume hivyo kwa heshima hata akiwa mdogo kwao, "watoto wanalala na makoti." Nilikwenda asubuhi yake. Nje ilikuwa nyuzi −10 za Fahrenheit, yaani −23 za sentigredi. Ukumbini, ilipo thamostati, kile kidude cha ukutani kinachoamuru joto liwake au lizime, palikuwa na nyuzi 68, sawa na 20 zetu. Chumba cha watoto, ghorofani mwisho wa korido, kilikuwa na 59, yaani 15. Kampuni iliyomtembelea wiki moja kabla yangu ilikuwa imemwandikia makadirio ya tanuru jipya la kupasha nyumba joto, maelfu ya dola, kwa maelezo kwamba lake ni dogo.

Tanuru lake halikuwa dogo. Nilipanda juu, nikawasubiri watoto watoke, nikachana kipande cha karatasi ya chooni na kukilaza juu ya tundu la hewa sakafuni. Mlango ukiwa umefungwa, karatasi ilitikisika tu, kama jani lisilo na upepo wa kutosha. Nikamwomba yule mama aufungue mlango kwa upana wa vidole vitatu. Karatasi ikainuka, ikaruka hadi kitandani. Tukafunga, tukafungua, mara tatu, mpaka na watoto wakaja kuangalia. Zulia jipya lilikuwa limeuziba mwanya wa chini ya mlango. Hewa ya moto ilitaka kuingia, ila ile iliyokuwamo haikuwa na pa kutokea.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu kila mzee anajua kwamba chumba chenye dirisha moja hakipati upepo hata kaskazi ivume vipi. Fungua mlango wa upande wa pili, upepo unapita wenyewe. Nilianza kazi kwa kutengeneza majokofu kule, na huku nimefanya kazi ya mashine za joto miaka 16, na bado naiona kanuni ile ile ya dirisha na mlango karibu kila nyumba ninayoitiwa. Watu wanahangaika na hewa inayokwenda, wanaisahau hewa inayorudi. Ndiyo maana nayaandika haya kwa ndugu zetu waliohamia nchi za baridi, wakanunua nyumba au wakapanga, na hawakukulia kwenye nyumba za namna hii.

Kwanza ujue kifaa chako. Nyumba nyingi za huku zina tanuru la gesi kwenye besimenti, yaani ghorofa iliyo chini ya ardhi. Moto unawaka ndani ya chemba za chuma zilizofungwa, moshi wake unatoka nje kwa bomba lake peke yake, na feni inapitisha hewa ya nyumba juu ya chuma kilichopata moto. Hewa hiyo inaingia kwenye shina kuu la bati linalopita chini ya sakafu, kisha inagawanyika kwenye matawi, kila tawi na chumba chake. Halafu kuna mabomba mengine yanayoirudisha hewa kwenye tanuru ikapashwe tena. Ni duara. Ukilikata mahali popote, limekatika lote.

Nyumba za zamani zaidi, za miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, hazikuwa na feni. Hewa ya moto ilipanda yenyewe kwa wepesi wake, kwa mabomba mapana yaliyotoka kwenye tanuru la makaa yakatapakaa pande zote, na Wamarekani mpaka leo huliita pweza. Nilipoliona la kwanza nilielewa jina papo hapo. Ukikuta mabomba ya pweza, au bomba lolote la zamani lililovishwa kitu cheupe au kijivu kama karatasi nzito au bandeji, usilikwangue, usilichane, usilifagie. Mara nyingi ile ni asbestosi, na vumbi lake huua mapafu taratibu. Hapo mwite mtu mwenye leseni ya kuiondoa, kazi yako isimame.

Na kabla hujagusa lolote, usalama. Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha kaboni monoksaidi kiwe ndani ya futi 10, kama mita tatu, kutoka kila chumba cha kulala. Hata kama unaishi jimbo jingine, kiweke. Gesi hiyo ni sumu inayotokana na moto, haina harufu wala rangi. Ukisikia harufu ya gesi ya kupikia, toka nje na watoto kwanza, simu utapiga ukiwa nje. Na nakuomba sana, chumba kikiwa baridi kiasi gani, usiingize jiko la mkaa ndani. Kule kwetu nyumba inapumua kwa madirisha na nafasi ya chini ya paa. Hizi za huku zimezibwa kila upande, na mkaa mmoja unatosha kumaliza familia.

Sasa kazi. Chukua daftari na kipima joto cha bei ndogo. Siku ya baridi kali, acha thamostati mahali pamoja kutwa nzima, usiipandishe wala kuishusha. Jioni pita kila chumba na usimame katikati. Shika kipima joto usawa wa kifua kwa dakika tano, uandike. Pima mara mbili: mlango ukiwa umefungwa kwa saa moja, na ukiwa wazi kwa saa moja. Hiyo safu ya pili ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye habari. Chumba kinachopata joto mlango ukiwa wazi na kupoa ukifungwa kina tatizo la hewa ya kurudi. Chumba kilicho baridi sawasawa mlango uwe wazi au ufungwe kina tatizo lingine: tawi limeziba, limefunguka, au kuta zinavuja.

Tofautisha matundu. Tundu la kutolea hewa huwa dogo, lina kijipini cha kufungia, mara nyingi liko sakafuni chini ya dirisha. Halikuwekwa pale kwa bahati mbaya: kioo cha dirisha hupoza hewa, hewa hiyo huporomoka chini, na joto linalopanda hukutana nayo kabla haijakufikia miguuni. Kwa hiyo ukisogeza kochi au kitanda juu yake, au ukaacha pazia refu liangukie hapo, unapasha joto mgongo wa kochi. Tundu la kurudishia ni kubwa zaidi na halina kijipini. Weka karatasi juu yake feni ikizunguka, itanaswa. Tundu hilo halifunikwi na kabati, wala mkeka, wala picha. Nimewahi kukuta kabati zima la vyombo limesukumwa mbele ya tundu pekee la kurudishia la ghorofa ya chini, na mwenye nyumba analalamika kwamba tanuru linanguruma.

Fungua matundu yote. Yote, hata ya chumba cha wageni. Najua tumelelewa kutopoteza, na mtu anaona kufunga tundu la chumba kisichotumika ni kubana matumizi. Feni haijui kwamba umebana. Inasukuma dhidi ya matundu yaliyofungwa, shinikizo linapanda ndani ya bati, hewa inatafuta nyufa na kuvuja besimenti, na chuma cha tanuru kinapata moto kupita kiasi. Tena chumba kilichoachwa kigande kikiwa na bomba la maji ukutani, bomba linaweza kupasuka usiku mmoja.

Kisha chujio. Zima swichi ya tanuru, ile inayofanana na swichi ya taa ubavuni mwake, uchomoe chujio na kulitazama dhidi ya taa. Usipoona mwanga, limekwisha. La unene wa inchi moja likague kila mwezi wakati wa baridi. Mshale uliochorwa kwenye fremu uelekee kwenye tanuru, maana huko ndiko hewa inakokwenda. Watu wenye watoto wenye pumu hununua chujio zito kabisa, namba ya MERV, kipimo cha uwezo wa chujio kunasa vumbi, ikiwa 13, kwa nia njema. Lakini kwa unene wa inchi moja, kwenye mashine ya zamani, chujio hilo linaweza kuwa kama kuvuta pumzi kwa blanketi. Mimi kwa nyumba za namna hiyo naweka MERV 8, na anayehitaji zaidi namjengea sanduku la chujio la inchi nne, lenye eneo kubwa la kupitishia hewa.

Ukimaliza hapo, shuka besimenti uyatazame mabati. Mpango wa Energy Star wa serikali ya Marekani unakadiria kwamba nyumba ya kawaida hupoteza asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita kwenye mabomba, kwa sababu ya matundu na maungio mabovu. Washa feni, washa kijiti cha udi, ukipitishe taratibu kando ya maungio, mbali na tanuru lenyewe na mbali na bomba la gesi. Moshi ukiruka kando, hapo panavuja. Ukinyonywa, hilo ni bomba la kurudishia, na kuvuja kwake ni hatari zaidi: likiwa karibu na hita ya maji ya gesi linaweza kuvuta moshi wa hita na kuuzungusha nyumba nzima. Ukiona hivyo, usisubiri wikendi.

Usizibe kwa utepe wa kitambaa wa rangi ya fedha, ule unaouzwa kila duka. Mwaka 1998 watafiti wa maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley, California, walijaribu vizibio mbalimbali vya mabomba kwa kuvipa joto, na utepe huo wa kitambaa ndio ulioshindwa vibaya. Mimi naukuta umekauka, unaning'inia kama ganda la ndizi. Nunua mastiki ya mabomba ya hewa, inakuja kwenye kopo, nzito kama uji wa ulezi ulioanza kuganda. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, paka kwa brashi ya bei rahisi, unene wa sarafu, ukipita pande zote mbili za ungio. Mwanya ukizidi robo inchi, laza kwanza utepe wa wavu. Anza pale matawi yanapotoka kwenye shina, kisha viwiko. Acha ikauke usiku kucha. Ni kazi ya Jumamosi moja na shati usilolipenda.

Milango

Hapa ndipo nyumba nyingi zilizojengwa na tundu moja au mawili tu ya kurudishia, koridoni, huumia. Wakati wa mchana milango iko wazi na joto linatembea. Usiku kila mtu anafunga wake, na sisi tuna sababu zetu za heshima za kufunga: wazazi, mabinti, wageni waliotoka mbali. Simwambii mtu alale mlango wazi. Namwambia auache mlango ufungwe na hewa ipewe njia.

Njia rahisi ni kukata mlango chini. Mwanya wa inchi moja juu ya zulia, kwa mlango wa upana wa inchi 30, unakupa inchi 30 za mraba, na kwa chumba kidogo chenye tundu moja la kutolea mara nyingi inatosha. Pima mlango ukiwa mahali pake, uung'oe kwenye bawaba, bandika utepe wa wapaka rangi kwenye mstari ili mbao isichanike, kisha kata. Kwa mama wa Bukavu tulifanya hivyo. Nilitoa kipande chembamba ambacho mwanawe mdogo alikichukua akakifanya rula.

Chumba kikubwa chenye matundu mawili hakitosheki na hapo. Toboa ukuta unaotazama korido: upande wa chumbani tundu liwe juu, upande wa korido liwe chini, yote katika nafasi moja kati ya nguzo mbili za ukuta, uyafunike kwa wavu. Hewa inashuka ndani ya ukuta na kutoka, lakini sauti na mwanga havipiti moja kwa moja. Hakikisha kwanza hakuna waya wala bomba ndani.

Baada ya hayo rudi kwenye daftari, upime tena. Mara nyingi nusu ya tofauti imeshaondoka, na ndipo kugawanya hewa kwa vilango kunapokuwa na maana. Anayeanza na vilango kabla ya kuziba na kufungua njia ya kurudi anagawa kitu asichonacho.

Kilango ni bati la duara ndani ya tawi, na nje yake kuna mkono mdogo wenye skrubu au nati ya masikio. Mkono ukilala sambamba na bomba, kilango kiko wazi, ukikingama, kimefungwa. Usiubane ule wa chumba kilicho baridi, huo uache wazi kabisa. Unabana yale matawi mafupi yaliyo karibu na tanuru, kwa kawaida ya ukumbi na jiko, kwa sababu hewa hupenda njia fupi na huko inajazana. Geuza robo tu. Kaza nati. Halafu subiri siku nzima, maana kuta, fanicha na magodoro huchukua muda kupata joto, na anayegeuza kila saa anakimbiza kivuli. Pima, andika, geuza kidogo tena ikibidi. Na kumbuka, thamostati iko ukumbini: ukibana ukumbi, tanuru litawaka muda mrefu zaidi kabla ya kuzima, na huo muda wa ziada ndio unaokwenda kukipasha chumba cha mbali.

Ukishabana vilango, lipime mwenyewe tanuru. Ndani ya mlango wake kuna kibandiko chenye kiwango cha kupanda kwa joto, kwa mfano 35 hadi 65 za Fahrenheit. Maana yake ni tofauti kati ya hewa inayoingia na inayotoka. Acha liwake dakika 15, choma kipima joto chembamba kwenye bomba la kurudishia, kisha kwenye shina la kutolea, futi mbili hivi mbali na tanuru ili usipime mwako wa chuma. Kwa yule mama, siku ya kwanza nilipata 66 kuingia na 137 kutoka: tofauti 71, nje ya kibandiko. Tanuru lilikuwa linajizima lenyewe kwa swichi ya usalama, linawaka tena, linajizima, na ndiyo maana wale wa kwanza wakasema halina nguvu. Baada ya chujio, mastiki na mlango, tofauti ilikuwa 52. Ikiwa yako inabaki juu ya kiwango, fungua vilango ulivyobana, na kama haishuki mwite fundi aangalie kasi ya feni. Ndani ya sehemu ya moto na gesi usiingize mkono.

Kwenye thamostati kuna swichi ya feni. Ikiwa nyumba yako ina ghorofa na juu kunatofautiana na chini, jaribu kuiacha feni izunguke muda wote, au dakika kadhaa kila saa kama thamostati yako ina uwezo huo. Inachanganya hewa ya juu na ya chini. Isipokuwa kama mabomba yako yanapita darini kwenye baridi. Hapo feni bila moto itakuletea baridi kitandani.

Yapo ambayo hewa haitayamaliza. Chumba kilichojengwa juu ya gereji, chenye sakafu isiyo na sufi ya kuzuia baridi, kinapoteza joto haraka kuliko tawi moja linavyoweza kulileta. Mlango wa darini usiozibwa unaifanya nyumba iwe bomba la moshi: joto linatokea juu, baridi inanyonywa chini. Huko fedha yako iende kwenye sufi na mpira wa kuzibia, isiende kwenye tanuru.

Na kama umepanga, mengi ya haya si mzigo wako. Tangu 2024 sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba anayesimamia joto ahakikishe angalau nyuzi 68 kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili. Lile daftari lako lenye tarehe, saa na vipimo ndilo la kumwonyesha. Mwandikie, usimwambie kwa mdomo tu.

Ukishapata mkao unaokuridhisha, chora alama kwenye kila tawi kwa kalamu ya wino mzito pale mkono wa kilango ulipo. Kiangazi, kiyoyozi kikitumia mabomba hayo hayo, mambo hugeuka: ghorofani ndiko kunakowaka na besimenti inatetemeka, kwa hiyo utahitaji alama ya pili. Kwa mama wa Bukavu, nyekundu ni ya majira ya baridi na bluu ni ya kiangazi. Binti yake mkubwa ndiye anayezigeuza, na ananitumia picha ya kipima joto cha chumbani kwao: mara ya mwisho kilisoma 67, mlango ukiwa umefungwa.